Jinsi ya kutengeneza albamu ya kujichana mwenyewe ukiwa huna lebo, huna meneja, una geto tu

Kila wiki inboksi yangu inajaa maswali yaleyale. Kaka ninunue maiki gani, kaka biti ya YouTube si naweza kutumia tu, kaka nina ngoma ishirini na tano hiyo si tayari albamu, kaka nimerekodi ila nasikika kama niko chooni. Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu, kwaiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza namtumia hii, asome yote, asipoelewa ndo anitafute.

Naongea na we unayetaka kutoa albamu ya rap ya ndani, ile ambayo adui sio rapa mwenzako, adui ni we mwenyewe. Baba aliyeondoka, madeni, pombe, chuo ulichoacha njiani, swala ulizoacha, hayo. Ngoma za klabu zina mwongozo wake na sio huu. Mi nimetoa albamu mbili za hivyo na nimemiksia washkaji kadhaa, zote zimerekodiwa chumbani Dar kwenye nyumba ya kupanga yenye mabinti wawili wanaocheka kuanzia asubuhi mpaka usiku, kwaiyo ninachosema nimekifanya kwenye mazingira kama ya kwako.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

- Daftari la karatasi. Simu inakuletea meseji katikati ya mstari, daftari halikuletei kitu.
- Laptopu yenye RAM ya GB 8, sio lazima mpya.
- Programu ya kurekodia. Audacity ni bure, BandLab ni bure na inakubali hata kwenye simu. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ni nzuri ila wengi mnaipenda kwa sababu prodyuza wenu anayo, sio kwa sababu mnaijua.
- Maiki ya dainamiki, mfano Shure SM58 (angalia feki, mtaani zimejaa) au yoyote ya aina hiyo. Najua kila mtu anataka ile ya kondensa kwa sababu ndo inaonekana kwenye video. Kondensa inadaka kila kitu, inadaka bodaboda, jogoo, na mama Fulani anayesugua sufuria nje. Dainamiki inasikia kilicho karibu nayo, vya mbali inavipuuza, na haihitaji ule umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi (kile kiboksi kinachounganisha maiki na laptopu).
- Intafesi yenye tundu moja la maiki, mbili ukijaliwa.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio. Za bluetooth zinachelewesha sauti, utachana nyuma ya biti halafu useme huna floo kumbe unayo.
- Standi, na popu filta (kichujio kinachozuia pumzi ya mdomo isipige maiki). Ukikosa popu filta chukua hanga ya waya uikunje duara, vuta soksi ya nailoni juu yake, imeisha hiyo.
- Sehemu mbili za kutunzia kazi, diski ya nje na Google Drive. Nitarudi hapa maana hapa ndo nimelia.
- Mtu mmoja asiyekuogopa. Sio yule anayesema "noma sana" kabla hujabonyeza plei.

HATUA

1. Andika kwanza, biti baadaye.

Wengi mnafanya kinyume, mnapata biti kali afu mnatafuta cha kusema juu yake, matokeo yake biti ndo inaamua we ni nani. Kwenye albamu ya namna hii chukua wiki tatu au nne uandike bila muziki kabisa, na usiandike mistari, andika habari. Kila siku ukurasa mmoja, kitu kimoja kilichotokea, nani alikuwepo, chumba kilikuwaje, nini kilisemwa. Ukimaliza utakuwa na kurasa zaidi ya ishirini, na humo nyimbo zako zipo tayari, ni kuzichomoa tu.

Kosa kubwa kuliko yote hapa ni kuandika maneno makubwa. Maisha magumu, dunia haina huruma, binadamu wabaya. Hayo kila mtu kayasema, hata stika za daladala zimeyasema. Mi ngoma yangu ya kwanza kuhusu mzee wangu ilikuwa imejaa hayo, niliiandika mara nne ikawa bado haina uhai. Siku moja nikaenda nyumbani nikakuta koti lake bado lipo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikaingiza mkono mfukoni nikatoa tiketi ya basi ya zamani imefifia hata haisomeki vizuri. Nikakaa kitandani. Ngoma nzima ikaandikika usiku uleule, na inaanza hivi:

Koti la baba lipo tu, lina tiketi ya basi
Hakuaga hata mtu, kaniachia nafasi

Hakuna neno huzuni hapo, hakuna neno uchungu. We tafuta koti lako.

2. Omba ruhusa kwa waliomo.

Maisha ni yako ila siri zilizomo sio zako peke yako. Kama unamtaja mama kwamba alikopa, au dada yako na yule mwanaume, au mshkaji aliyefungwa, nenda kamwambie kabla hujarekodi. Mama hapendi kusikia habari zake kwa jirani. Mi nilimsomea bimkubwa vesi nzima akiwa anachambua mchele, akanyamaza, afu akasema mstari mmoja tu nitoe, mingine sawa. Nikautoa, na ngoma haikupungua kitu. Ukiona aibu kumsomea mhusika usoni basi huo mstari bado hauko tayari kusikiwa na watu usiowajua. Ma-eksi nao ni binadamu, badilisha jina, badilisha mtaa, badilisha kazi yake.

3. Pima mistari.

Theori fupi sana halafu tunaendelea. Ba moja ina mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata vijisehemu 16. Sasa kumbuka shairi la shuleni, mstari una mizani 16, nane na nane, na una kina cha kati na kina cha mwisho. Yani kila mstari wa ile tarbia uliyoichukia kidato cha pili unaingia kwenye ba moja bila kubaki. Ile mistari miwili ya koti hapo juu hesabu uone, nane na nane, tu na mtu katikati, basi na nafasi mwishoni.

Ila usijaze 16 kila ba, utakosa pumzi na msikilizaji atakosa pia. Kwenye biti ya BPM 80 (mapigo 80 kwa dakika) ba moja ni sekunde 3, vesi ya ba 16 ni sekunde 48. Jaza silabi 11 mpaka 14, kipande kilichobaki kiache kimya. Kwenye albamu ya kujitazama kimya kinafanya kazi kuliko vina.

Na vina vyenyewe, tafadhali. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu kwaiyo kina cha bure kipo kila kona, pendana, achana, gombana, kutana, ukienda hivyo hata mtoto wa chekechea anakufunga. Kiambishi sio kina. Jaribu kufunga nomino na kitenzi, jina la mtaa na kitu cha jikoni, hapo ndo sikio linaamka.

4. Sasa tafuta biti, na karatasi yake.

BPM kati ya 70 na 90 inafaa habari nyingi za hivi, ila usiweke zote sawa, albamu italala. Kama una mshkaji prodyuza muite akae na we, msomee, atengeneze hapohapo. Kama unachukua mtandaoni, soma hapa polepole:

Biti iliyoandikwa "free" YouTube mara nyingi maana yake ni bure kama hupati hela. Ukiipeleka Spotify au Boomplay hiyo sio bure tena. Kukodi biti maana yake watu wengine nao wanayo, na mkataba unaweza kuwa na kikomo cha mara ngapi itasikilizwa. Na biti ya kukodi usiiandikishe kwenye Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua muziki wako kwenye video za wengine), maana utaanza kudai hela za wenzio walioikodi kama we, na mwenye biti atakushukia. Kununua moja kwa moja ni ghali ila kwa ile ngoma moja ambayo ndo moyo wa albamu, nunua.

Kwa prodyuza wa mtaani andikeni karatasi siku ileile, mgawanyo wa asilimia, nani kaandika, nani katengeneza, sahihi mbili, piga picha. Na umwambie mapema kwamba unataka faili za kila chombo kivyake, dramu pembeni, besi pembeni, kinanda pembeni. Prodyuza mmoja nilimlipa kwa mkono bila karatasi, baada ya miezi miwili naomba faili ananiambia kompyuta imepigwa windo, yani imefutwa yote na kuwekwa Windows upya. Nikabaki na MP3 ya WhatsApp.

5. Rekodi demo kwa simu, zote, afu ua nusu.

Usikimbilie maiki. Weka biti kwenye spika, chana kwenye simu, sikiliza ukiwa unatembea au ndani ya mwendokasi. Wiki mbili. Ngoma unayoiruka mwenyewe futa. Ngoma mbili zinazosema kitu kilekile, baki na moja. Ukianza na 20 ukabaki na 10 uko sawa, ukabaki na 8 uko sawa zaidi. Dakika 30 hadi 38 zinatosha kabisa, hakuna anayetaka kusikiliza huzuni yako saa moja na nusu, hata mama yako hataki.

6. Andaa chumba.

Trei za mayai acha, hazizuii sauti, zinakusanya vumbi na kunguni. Kinachofanya kazi ni vitu vizito na laini. Godoro lisimamishe nyuma YAKO, sio nyuma ya maiki peke yake, maana maiki inakutazama we na ukuta ulio mgongoni kwako. Blanketi zito pembeni, kabati fungua milango nguo zionekane, kapeti chini. Zima feni. Friji ikiwa karibu ichomoe ila weka funguo zako ndani ya friji, hivyo huwezi kutoka bila kukumbuka kuiwasha (niliharibu maziwa ya mwenye nyumba kujifunza hiki).

Muda mzuri Dar ni kuanzia saa nane usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri. Angalia LUKU kabla hujaanza. Ikikata katikati ya teki ambayo ndo ilikuwa yenyewe, haitarudi, umeme utarudi ila ile teki hapana.

7. Rekodi.

Weka faili za WAV, 24-bit (hii sio biti ya muziki, ni kipimo cha ubora wa kurekodi), 44.1 au 48 kHz, chagua moja ubaki nayo albamu nzima. Umbali kutoka mdomoni hadi kwenye maiki ni kama shubiri moja, kwa sauti ya kunong'ona sogea nusu yake, dainamiki ukiisogelea inaongeza uzito wa chini na hilo kwa ngoma za siri ni zuri. Maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisipige. Pandisha gein (kile kitufe cha nguvu ya maiki kwenye intafesi) mpaka vilele vicheze kati ya -12 na -6 dB, ukiona nyekundu shusha na urudie, sauti iliyopasuka haishoneki.

Chana vesi nzima mwanzo mwisho, mara tatu, ndo uanze kurudia vipande. Ukirekodi mstari mmoja mmoja kila mstari utakuwa na nguvu ileile na utasikika kama tangazo la spika za mnadani. Usidabo kila kitu pia, yani kurekodi maneno yaleyale mara ya pili juu ya ya kwanza. Kudabo ni kwa ngoma za kelele, huku mtu anataka ahisi unaongea naye peke yake, dabo maneno mawili matatu ya mwisho basi.

Ukilia? Simamisha, kunywa maji, rudia. Kuna jamaa wanaacha kilio ndani ya ngoma, mi naona ni kuuza machozi, ila sauti iliyotoka dakika tano BAADA ya kulia hiyo iache, hiyo ni dhahabu na huwezi kuiigiza.

Ukimaliza kila usiku nakili kazi sehemu mbili kabla hujalala. Kabla. Hujalala. Diski yangu ilidondoka kutoka kwenye stuli, urefu wa magoti tu, ikaondoka na sesheni sita, na mbili kati ya hizo sikuweza kuzipata vilevile tena, nilizirekodi upya ila yule mtu aliyezichana mara ya kwanza hakuwepo tena.

8. Miksi.

Mfululizo wangu wa kusafisha vokali, yani sauti yako unayochana, ni huu. Kata kila kitu chini ya 80 hadi 100 Hz. Punguza kidogo kati ya 200 na 400 kama sauti ina matope. Kompresa (inayoshusha sauti zilizopanda sana) 3:1 au 4:1, ipunguze dB 3 mpaka 6 sio zaidi. Afu punguza makali ya S na SH, yako maeneo ya 5 mpaka 8 kHz, na Kiswahili kina SH za kutosha, ukiacha hivyo hedifoni zitachoma. Mwangwi kidogo sana, chumba kidogo, usituweke kanisani.

Vokali iwe juu kuliko ulivyozoea. Kipimo changu ni kumpa mtu kalamu, asikilize mara moja, aandike anachosikia. Akikosa zaidi ya mistari miwili kwenye vesi, biti imekula sauti. Afu sikiliza kwenye simu bila hedifoni, kwenye sabufa ya jirani, na kwenye gari ya mtu. Ikikubali kote tatu endelea.

9. Panga ngoma.

Enzi za kanda kulikuwa na Side A na Side B, kanda ya dakika 60 ilikuwa na nusu saa kila upande, na mtu alilazimika kunyanyuka kugeuza. Panga kama bado tunageuza kanda. Side A unajificha, unajisifu kidogo, unachekesha, kuna nyufa. Side B unavunjika. Ngoma nzito kuliko zote usiiweke mwisho, iweke ya tatu kutoka mwisho ili mtu apate pa kupumulia. Skiti moja inatosha, voisi noti halisi ya WhatsApp ni bora kuliko washkaji wanaoigiza, ila aliyeituma akubali (rudi hatua ya 2).

10. Masta.

Masta ni kuweka sawa sauti ya mwisho ya ngoma zote baada ya miksi. Usimasta mwenyewe siku uliyomaliza kumiksi, pumzisha masikio hata siku nne. Toa miksi ikiwa na nafasi juu, vilele karibu na -6 dB. Spotify inasawazisha sauti kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwaiyo kuivimbisha mpaka ikakosa pumzi hakukupi ushindi wowote, inashushwa tu. Kilele cha mwisho kisizidi -1 dB. Pima albamu nzima kwa pamoja, ngoma ya kunong'ona haitakiwi iwe na kelele sawa na ile ya hasira.

11. Karatasi na kupandisha.

Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiwa Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Bongo na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) nao wanataka ujisajili kama msanii. Usisubiri mpaka ugomvi. Kava liwe mraba, piseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo za mitandao, linarudishwa. Msambazaji wa mtandaoni atakupa ISRC (namba ya utambulisho) kwa kila ngoma, ziandike kwenye daftari. Pandisha wiki nne kabla ya siku ya kutoka, na kule Spotify ombi la kuwekwa kwenye pleilisti peleka angalau siku saba kabla. Audiomack unaweza kupandisha mwenyewe moja kwa moja. Na ujue tangu 2024 Spotify ngoma isiyofika mara 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi, kwaiyo usikope hela ya kodi kwa matumaini ya hizo senti.

MAMBO YAKIGOMA

Sauti inasikika kama chooni: chumba kina kuta tupu au uko mbali na maiki. Sogea, ongeza blanketi. Plagini (programu ndogo ya kurekebisha sauti) haiondoi chumba.

Kuna mlio wa mmmm chini ya sauti: ni umeme. Chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri, badilisha waya wa maiki, sogeza simu mbali.

Najisikia nachelewa kwenye biti: shusha bafa (buffer size kwenye mipangilio ya sauti) kwenye programu mpaka 128, zima plagini zote wakati wa kurekodi.

Sipendi sauti yangu: hakuna anayependa. Unaijua kwa kuisikia ndani ya fuvu, wenzio wanaijua hivyo maiki inavyoisema.

YouTube imenipiga kleimu (dai la hakimiliki) kwenye biti niliyolipia: tafuta risiti na mkataba wa kukodi, jibu kupitia fomu yao, mwandikie na mwenye biti akuondolee. Huna risiti? Soma hatua ya 4 ukiwa umekaa.

Nimeandika yote ila nikifika kwenye maiki naona aibu: zima taa. Sitanii, zima taa, funga macho, chana kama unamwachia mtu voisi noti. Kama bado inagoma na ni ngoma moja tu ndo inagoma, iache nje ya hii albamu, muda wake bado. Mi ninayo moja hivyo, ipo kwenye daftari mwaka wa tatu sasa.

Feni niwashe nikitokwa jasho? Hapana.